Mbele ya kununua blokaji, tazama ponti

Ninyi ndugu zetu wahami wa vita mnaosoma ukurasa huu kwa simu ya jirani, tangu tuliporusha kipindi juu ya barabara ya Butembo–Manguredjipa simu yangu haijapumzika. Nilifikiri wengi watauliza juu ya usalama, ao juu ya bariyeri ambazo kila moja inaomba feza yake. Waliouliza hayo walikuwa wachache. Wengi, wenye pikapu za zamani na hata wamama wanaozipanda siku ya soko, waliuliza jambo moja tu: je, inafaa kuweka blokaji?

Nitajibu, lakini mjue ninajibu kama mtu anayepanda gari hizo kila wiki na mikrofoni ndani ya begi. Mimi si fundi. Mafundi wamenifundisha, na pale niliposhindwa kufahamu walinilaza chini ya gari na taa ya simu mpaka nikafahamu. Maoni ni yangu. Kuko fundi mmoja mzee, rafiki yangu, ambaye hatakubali nusu ya maneno haya, na nitampa nafasi yake mbele ya kumaliza.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Gari ikikata kona, mpira wa nje unatembea njia ndefu kuliko ule wa ndani. Kama mipira miwili ya nyuma ingefungwa pamoja kwa chuma kimoja, mmoja ungeburuzwa kwenye kila kona. Ndiyo sababu katikati ya ponti kuna diferansieli, na ndani yake meno madogo yanayoruhusu mpira mmoja kuzunguka haraka kuliko mwenzake. Kwenye lami ni akili nzuri sana. Kwenye matope yetu akili hiyo inakuwa ujinga. Mpira wa kushoto ukiingia shimo la maji na wa kulia ukibaki kwenye udongo mgumu, nguvu inayofika chini ni ile ndogo tu ambayo mpira wa kushoto unaweza kuishika. Basi wa kushoto unazunguka kama feni, wa kulia umesimama kimya unautazama mwenzake. Hata ukiweka motere ya lori, haibadilishi kitu.

Mtu atasema, "Lakini yangu ni 4x4." Ndiyo, baba. Lakini 4x4 isiyo na blokaji ina diferansieli mbili, ya mbele na ya nyuma, na zote mbili zina tabia ile ile. Mpira mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma vikikosa pa kushika, umekwama na 4x4 yako, na vijana wa kijiji wanafika na majembe na bei yao.

Blokaji inafunga diferansieli ili mipira yote miwili izunguke sawasawa, yenye kushika na isiyoshika. Kuna zile zinazotoka na gari kutoka kiwandani, unazungusha kitufe kwenye dashibodi. Kuna za hewa, sawa zile za ARB ya Australia, zinazotaka kompreseri ndogo na bomba. Kuna zinazojifunga zenyewe. Halafu kuna ile ya kwetu, ya kusudea. Fundi anafungua ponti, anasudea meno madogo ya diferansieli yasizunguke tena, anafunga, anaweka mafuta, kazi imekwisha kwa siku moja. Haina kitufe, wala haifunguki tena. Bei yake ni vijiti vya kusudea na chakula cha fundi, wakati ile ya hewa ikiwa mpya inaweza kupita dola elfu moja, mbele ya usafiri na forodha. Mnaelewa ni ipi inayotembea kwenye barabara yetu.

Niweke neno moja pembeni. Mwenye pikapu mmoja aliniita akilia kwamba 4x4 yake imekufa, na kwamba yuko tayari kuuza kiwanja ili anunue blokaji. Tulienda kuitazama na fundi. Kwenye mipira ya mbele ya pikapu za zamani kuna kile kifuniko cha kuzungusha kwa mkono, kimeandikwa kwa Kiingereza FREE upande mmoja na LOCK upande mwingine. Vyake vilikuwa kwenye FREE, vyote viwili, na uchafu uliojaa juu yake ulionyesha kwamba havijaguswa tangu gari inunuliwe. Fundi alizungusha kwa vidole, akaosha mikono. Basi wewe unayenisoma, mbele ya kuuza kiwanja, shuka ukatazame.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya niandike.

Kuna Hilux moja ninayoifahamu vizuri, ya wakati ule ponti ya mbele ilikuwa bado chuma kimoja kizima, na majani ya resori mbele na nyuma. Mwenyewe anabeba mafuta ya mawese na mbao, akirudi anapeleka chumvi, sabuni na mabati. Alichoka kulala njiani. Akaenda kwenye garaji moja ya mjini, wakamsudea diferansieli ya nyuma. Kwa misimu miwili ya mvua ile Hilux ilikuwa mfalme wa barabara. Mimi mwenyewe niliisifu kwenye radio. Usiku mmoja wa mwezi wa kumi na moja ilipandisha mlima ambapo gari mbili zenye afya kuliko yenyewe zilikuwa zimezama mpaka milango, na ndani yake kulikuwa mama aliyekuwa na siku mbili za uchungu. Mtoto alizaliwa hospitali, mzima, mama naye mzima. Sitasahau jambo hilo, na sitaki msomaji alisahau anapoendelea kusoma, kwa sababu linafanya maoni yangu yawe magumu kusema.

Nyuma ya miezi michache watu walianza kukimbia tena upande wa Manguredjipa. Mnafahamu siku zile, wengi wenu mlikuwa njiani. Ile Hilux ilifanya safari bila kupumzika. Katika moja ya safari hizo nilikuwa juu ya mizigo pamoja na familia. Nilihesabu watu ishirini na tatu, watoto ndani ya hesabu, na magodoro, masufuria, mbuzi wawili, na mifuko ya maharagi ambayo wenyewe walikataa kuiacha, na mimi nisingeiacha. Haikuwa siku ya mvua. Udongo ulikuwa umekauka, na njia za mipira zilikuwa ngumu kama saruji. Tulikuwa tunapanda polepole, kwenye kona. Nikasikia mlio mmoja, kama mti unavunjika. Mpira wa nyuma wa kulia ukatoka pembeni pamoja na tamburi yake, ukaenda peke yake porini kama mtu aliyekasirika. Gari ikalala upande. Shofere alikanyaga freni, na mafuta ya freni ya nyuma yakamwagika chini. Tulianguka sote na mizigo juu yetu. Mama mmoja alivunjika mkono. Mtoto wa kiume alipasuka kichwa, si sana, tulimfunga kwa kitenge. Tulikuwa na mwendo wa mtu anayetembea, ndiyo sababu ninaandika leo. Kona iliyofuata ilikuwa ya kushuka, na korongo upande wa kushoto.

Familia zile zilimaliza njia kwa miguu.

Jioni ile, na siku nyingi zilizofuata, nilitaka kujua kwa nini. Shofere alisema ni mzigo. Mwenye gari alisema ni chuma kibaya. Fundi aliyesudea hakusema kitu. Mimi nasema ni mambo matatu yaliyokutana, na mawili kati yake yalikuwa yanajulikana tangu siku ya kwanza.

La kwanza ni aina ya ponti. Ndani ya ponti ya nyuma kuna fimbo mbili za chuma, moja kila upande, zinazotoka kwenye diferansieli mpaka kwenye mpira. Katika Hilux ile fimbo ina kazi mbili kwa wakati mmoja: inazungusha mpira, tena inabeba uzito wa gari. Ikikatika karibu na rulma, mpira hauna kitu kinachoushikilia, unaondoka. Katika Land Cruiser za kazi, zile pikapu za mfululizo wa 70 zilizoanza kutengenezwa 1984, ponti ya nyuma imejengwa kwa namna nyingine. Uzito unabebwa na rulma mbili zilizokaa juu ya bomba lenyewe la ponti, na fimbo inazungusha tu. Hata ikikatika, mpira unabaki mahali pake. Unaweza kuchomoa fimbo nzima gari ikiwa imesimama juu ya mipira yake minne, bila kriki. Nimeona fundi akifanya hivyo kandokando ya barabara huku abiria wanakula mahindi.

La pili ni kusudea. Diferansieli iliyosudewa haijui kona. Kwenye matope hilo halionekani, kwa sababu mpira mmoja unateleza kidogo na mambo yanaisha. Kwenye udongo mkavu ao kwenye lami hakuna kuteleza. Mpira wa nje unataka kwenda mbele, wa ndani unaukataza, na ugomvi huo wote unaingia ndani ya zile fimbo mbili. Kila kona zinapindwa kidogo. Chuma kinavumilia, kinavumilia, halafu siku moja kinakataa. Ndiyo sababu ile Hilux haikuvunjika siku ya mvua. Ilivunjika siku nzuri.

La tatu ni mzigo, na hilo nitalirudia.

Kwa hiyo jibu langu kwa wale wote waliopiga simu ni hili: ponti kwanza, blokaji nyuma yake, na kusudea usifanye hata kidogo kwenye gari inayobeba watu. Kama feza inatosha kitu kimoja tu, weka kwenye fimbo, rulma, jwenti ya mafuta na freni. Gari yenye ponti nzuri bila blokaji itakulaza njiani. Ile nyingine inaweza kukuua.

Wenye Hilux za zamani wanaotaka kupanda daraja wamekuwa wakitafuta ponti ya nyuma ya Land Cruiser. Ni wazo zuri, nami ninaliunga mkono, lakini nimeona watu wakipoteza feza nyingi. Pikapu za Land Cruiser za mbele ya 1999 zina buloni sita kwenye kila mpira, na mpangilio wake unalingana na ule wa Hilux 4x4 ya zamani. Tangu 1999, walipoweka resori za kuzunguka mbele kwa pahali pa majani, walihamia buloni tano. Ukinunua ponti ya buloni tano utakuwa na mipira ya aina mbili kwenye gari moja, na mpira wa akiba utafaa nyuma tu ao mbele tu. Pima pia upana wa ponti, pima urefu wa kardani, tazama mahali ambapo majani ya resori yatakaa. Na pale panapotakiwa kusudea vikalio vya resori, mtafute mtu anayesudea vizuri kweli, asiye yule anayetengeneza madirisha.

Lakini kosa lililo kubwa kuliko yote ni la hesabu. Ponti ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na hesabu moja ya meno. Ndani ya kila ponti kuna kuroni, lile gurudumu kubwa la meno, na pinyo, lile dogo. Kama kuroni ina meno 41 na pinyo ina meno 9, unagawanya, unapata 4,56. Kama kuroni ina 37 na pinyo ina 9, unapata 4,11. Ukiweka 4,56 mbele na 4,11 nyuma, gari itatembea vizuri mjini ikiwa inavuta na mipira miwili, utamshukuru fundi, utamlipa. Siku utakapotia 4x4 mlimani, mbele itataka kwenda kwa mwendo wake na nyuma kwa wake, na kitu kitavunjika: kardani, ao bwati, ao meno yenyewe. Wafanya biashara wetu wanaoleta vipuri kutoka Kampala, kule soko la Kisekka, wanafahamu kuuza. Hawana kazi ya kukuhesabia meno. Nenda na fundi wako, fungueni, hesabuni ninyi wenyewe pale pale mbele ya kutoa feza.

Kama mtu anakuuzia pikapu na anaapa kwamba ina blokaji, usiamini kitufe. Inua mipira yote miwili ya nyuma, zuia sehemu nyingine isitembee, acha gia ndani. Zungusha mpira mmoja kwa mkono. Ule mwingine ukizunguka kwa upande kinyume, diferansieli iko wazi. Tia blokaji, jaribu tena. Mipira ikikataa kuzunguka, imefunga kweli. Na kama imekataa hata mbele ya kugusa kitufe, basi ndugu, mtu amekwisha kuisudea na hakukuambia.

Blokaji yenyewe, sasa. Iweke nyuma. Wengi wanataka pia ya mbele kwa sababu wameona video za wazungu wakipanda mawe. Mbele kuna kiungo kinachopinda pamoja na volani, na kiungo hicho ni dhaifu kuliko fimbo za nyuma. Ukifunga mbele, ukakata volani mpaka mwisho na kukanyaga mazutu, umekivunja. Ya nyuma inatosha kwa mashimo mengi ya kwetu. Ifunge ukiwa umesimama ao unatembea polepole, mbele ya kuingia shimo. Usiifunge wakati mpira mmoja unazunguka kama feni, maana meno yatakutana kwa kishindo. Ukitoka shimoni, ifungue. Na mahali barabara imeinama upande mmoja, pale ambapo kuna udongo mwekundu unaoteleza na mtaro chini, fikiri mara mbili. Diferansieli iliyo wazi, mpira mmoja ukiteleza, mwingine unaendelea kushikilia ardhi na kuzuia mkia wa gari. Iliyofungwa, mipira yote miwili inateleza pamoja, na nyuma ya gari inashuka mtaroni kama sabuni. Gari iliyosudewa inaingia mahali pale ikiwa imefungwa daima, shofere atake asitake.

Kwa asiye na feza ya blokaji kuna ujanja wa wazee: kuvuta freni ya mkono kidogo huku unakanyaga mazutu polepole. Freni inaukatalia ule mpira unaozunguka bure, na nguvu kidogo inahamia kwa mwenzake. Haifanyi miujiza, inatoa gari shimoni mara moja kati ya tatu, kwa kadiri nilivyoona. Kupunguza pumzi ya mipira kunasaidia zaidi, kama una pampu ya kuirudisha. Minyororo pia, ile ya malori, lakini mnyororo unashika sana, nao unaweza kukata fimbo dhaifu.

Nilimwahidi yule mzee nafasi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake nyeusi na mafuta, akaniuliza, "Mwanangu, ile usiku ya yule mama wa mimba, ungemwambia mwenye gari asubiri ponti kutoka Kampala?" Nilinyamaza. Aliendelea: wewe unaandika juu ya gari inayopaswa kuwa, mimi ninatengeneza gari iliyoko. Bila kusudea, alisema, nusu ya vijiji vya kule visingeona chumvi kuanzia mwezi wa tisa mpaka Noeli. Yeye anasudea, kisha anamwambia mwenye gari: usibebe watu, usipite tani, usikate kona kwa haraka. Wanajibu ndiyo, wanaenda kupakia.

Ana haki juu ya ule usiku. Sina jibu zuri. Lakini ninamwambia, na ninawaambia wote wanaofanya kazi hiyo: onyo linalobaki garajini halimfikii mama anayepanda kwenye senta ya soko na mtoto mgongoni. Andikeni kwa rangi kwenye mlango wa nyuma kwamba diferansieli imesudewa. Herufi kubwa. Abiria achague mwenyewe. Mzee alicheka, akasema hakuna mwenye gari atakayekubali. Hapo tulikubaliana.

Basi abiria nitawapa macho mimi. Ninyi hasa wahami, ambao hamchagui siku wala gari, lakini mara nyingine mnachagua kati ya mbili. Tazameni katikati ya mpira wa nyuma. Kama kuna kichwa kikubwa cha duara kinachotokeza nje, chenye mzunguko wa buloni ndogo juu yake, hiyo ni ponti ambayo fimbo haibebi uzito. Kama katikati ni bapa, fimbo inabeba, basi muwe wachache juu yake. Inameni mtazame ndani ya mpira wa nyuma: kama kuna mafuta meusi yaliyotiririka, jwenti imekufa, na mafuta hayo yanalowesha freni. Gari ikikata kona kwenye udongo mkavu ao saruji, sikilizeni. Mpira wa nyuma ukilia kri-kri-kri na kuruka kidogo hata kwa mwendo mdogo, diferansieli imesudewa. Mwambieni shofere mnashuka kwenye kila mteremko mkali mtembee kwa miguu. Atakasirika, na akasirike.

Nirudi kwa mzigo, maana wengine watasoma haya na kusema: nimeweka ponti ya Land Cruiser, sasa ninapakia mara mbili. Pikapu hizi zimetengenezwa kwa kiasi cha tani moja. Chukua watu wakubwa kumi na tano, kila mmoja kilo sitini, umefika kilo mia tisa, na hujapandisha godoro hata moja. Ponti kubwa haiongezi freni za mbele. Shasi inabaki ile ile, na majani ya resori, hata ukiongeza mengine mawili kama wengi wanavyofanya, yanapandisha mkia tu ili mzigo usionekane. Kwenye kushuka, kinachokusimamisha ni freni.

Kuna jambo la mwisho, na hapa nitawaudhi hata wenye magari mazuri. Kila gari yenye blokaji inayolima shimo mpaka inapita, inaacha shimo refu kuliko ililolikuta. Ya nyuma yake inahitaji blokaji pia. Nyuma ya mwezi mmoja pikapu haipiti, wanapita wamotari, na nyuma yao wanapita watu wa miguu na mafuta ya mawese kichwani. Tunanunua meno na chuma kutoka ng'ambo ili kupigana na maji ambayo yangeondoka kwa mtaro wa jembe. Tangu 2008 nchi ina mfuko wake wa kutunza barabara, FONER, unaopata feza kutoka kwa mafuta ya gari na peaji. Kila bidoni ya mazutu inayoingia ndani ya ile Hilux imelipishwa hiyo feza. Ninauliza tu, kwa heshima, kama raia aliyekwisha kulipa: kiasi gani kilifika kati ya Njiapanda na Manguredjipa? Wakubwa wakitaka kujibu, mikrofoni iko.

Wakati tunangoja, wenye pikapu waache kutegemea salongo ya wanakijiji peke yao. Kikundi cha madereva kinaweza kuwalipa kantonye wachache kwenye milima minne ao mitano inayojulikana na kila mtu, wafungue mitaro mbele ya mvua za mwezi wa tisa. Nilizungumza na wawili kati yao. Mmoja alisema ni kazi ya serikali. Mwingine aliuliza kantonye mmoja anataka shilingi ngapi, kwa sababu alikuwa ametoka Uganda na hesabu zake bado zilikuwa za kule. Huyo wa pili nitamtafuta tena.

Ile Hilux iko kwenye kiwanja cha mwenyewe, imesimama juu ya mawe. Alipata ponti ya Land Cruiser ya buloni sita, nzima kabisa, rulma nzuri. Tulihesabu meno: 37 kwa 9. Mbele yake ni 41 kwa 9. Basi haijafungwa. Anatafuta meno ya mbele yanayolingana, na feza yake. Kuku wanalala juu ya ile ponti. Yule mama aliyevunjika mkono anakaa kwa familia moja hapa Butembo, mkono umeunga ukiwa umepinda kidogo. Tulipokutana sokoni hakuniuliza juu ya ponti. Aliuliza kama ninajua gari itakayorudi kule siku ya Ijumaa, kwa sababu amesikia kuna utulivu, na maharagi aliyopanda yatakuwa yamekauka.